Kadi ya Valentin

Nyabiondo, tarehe 3 Mei 2005

Kwa mdogo wangu Jules,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nayasalimu mabega yako, maana najua ndiyo yanayokulisha huko Walikale. Sisi huku tunalala na tunaamka. Maharagwe ya kilima cha juu yametoka vizuri, ya bondeni yameozeshwa na mvua. Nyumba bado ni turubai, kwa sababu tangu zile za mabati ziungue Desemba hakuna aliyepata moyo wa kujenga tena. Estelle wangu ameota meno mawili na anauma kila anayembeba. Nikikuambia anafanana na nani utakasirika.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Unajua Mama mudogo Emérence hupanda kila Jumatatu kwenye kilima nyuma ya kanisa, na redio yake iliyofungwa kwa mpira, kusikiliza matangazo ya watu waliopotea. Redio ya Goma haishiki mahali pengine. Tangu mwaka jana amesikiliza majina ya watoto wa wengine. Mwishowe tulimshauri akubali, tukae matanga ya mwanawe Valentin hata bila maiti, na akakubali. Matanga yalikuwa yawe Jumamosi hii. Muhogo nilikuwa nimeshauloweka.

Jana matangazo yakaisha, wakaanza habari za mpira. Wakasema huko Walikale kuna Kombe la Ukumbusho, la kuwakumbuka wachezaji waliokufa katika vita, na kwamba timu ya Etoile imeifunga Lowa mbili kwa moja, na bao la pili limetiwa na Valentin Bauma kwa mguu wa kushoto.

Mama alishuka kile kilima mbio, kiatu kimoja mkononi. "Adelaïde! Mutoto wangu iko muzima! Redio imesema jina yake yote mbili! Anacheza mupira!" Watu wakatoka mashambani. Tulicheza hapo mbele ya turubai, mimi na yeye, mpaka Estelle akalia kwa woga. Muhogo wa matanga tuliula kama wa arusi.

Wewe mwaka jana ulituandikia kwamba mliachana Njingala, yeye akashika njia ya Lubutu kutafuta kazi. Basi amerudi, na mko mji mmoja, tena si mji mkubwa. Mtafute. Mwambie aandike. Mama anaomba picha yake, maana zote ziliungua na nyumba. Na wewe mwenyewe, uliyesema mpira umeuacha kwa sababu ya mizigo, nenda basi umtazame mwenzio akicheza.

Tena mwulize, tangu lini anatumia mguu wa kushoto?

Barua hii naikabidhi pikipiki ya Mama Kahambu, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa na huko kwenu. Itapanda ndege Goma pamoja na chumvi yake.

Dada yako,
Adelaïde


Walikale, tarehe 30 Mei 2005

Kwako Dada Adelaïde,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, wewe, Estelle mwenye meno, Mama mudogo, na majirani wote kuanzia wa mlimani mpaka wa mtoni. Mimi ni mzima. Mvua ya huku haiulizi msimu. Wiki iliyopita ndege ilishindwa kushuka siku nne, chumvi ikapanda bei, watu wakala sombe, majani ya muhogo, isiyo na ladha na kugombana. Kifua kiliniuma kidogo lakini kimepona. Dukani kwa Mama Kahambu wanakusalimu.

Umeniuliza habari za hilo Kombe. Ni jambo kubwa hapa. Klabu ni nane za wilaya hii, na wanacheza kila baada ya Jumapili mbili au tatu, kadiri njia inavyoruhusu. Wamekataza mtu asiye na kadi ya mchezaji iliyotolewa kabla ya mwaka jana, ili wanajeshi wasiingie uwanjani wakacheza kwa nguvu ya bunduki. Kabla ya mechi wachezaji wanapangwa mstari mmoja, refa anapita na kadi, anatazama picha, anatazama uso. Halafu katibu wa Kombe anasoma majina ya wachezaji waliokufa, klabu kwa klabu, na uwanja wote unanyamaza dakika moja. Dakika ile ni ndefu, Dada. Hujui jinsi ilivyo ndefu.

Kuhusu Valentin, majina hufanana. Bauma si mmoja. Nitauliza. Mizigo ni mingi sasa na Jumapili mara nyingi niko msituni, njia ya machimbo ya Bisie, kwa hiyo mpira siuoni. Picha nayo itakuwa vigumu, huku hakuna mpiga picha.

Namtumia Mama mudogo kitenge, sabuni mbili na chumvi. Mwambie asipande kile kilima kukiwa na mvua, atateleza.

Mdogo wako,
Jules


Nyabiondo, tarehe 21 Juni 2005

Kwa Jules,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tumeanza kuvuna maharagwe, vidole vyangu vimepasuka, ndiyo maana mwandiko huu unatembea kama mlevi. Estelle ana meno manne.

Kitenge kimefika. Mama anasema kimenunuliwa na Valentin, kwamba wewe ni mchukuzi tu. Nilimwambia si hivyo, akacheka. "Jules anajua kuchagua kitenge? Kitenge ya namna hii njo macho ya Valentin." Sasa kila Jumatatu anakivaa kupanda nacho kilimani. Jana alikuwa na watu kumi na wawili nyuma yake, wote wamekuja kusikiliza mtoto wa Emérence. Na redio ikasema: Etoile moja, Njingala sifuri, penalti, Valentin Bauma. Walipiga kelele mpaka padri akatoka. Jumapili iliyotangulia alipeleka kapu la maharagwe altareni kwa shukrani, yeye ambaye hana hata shamba la pili.

Amenikalisha niandike maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema, wewe umpe mwenyewe:

"Valentin mutoto wangu, miye mama yako niko muzima. Sikukasirika juu haukuandika. Kama unasikia haya juu hauna kitu ya kuleta, kuya tu mikono mitupu. Nyumba iliungua na picha yote, ata ile ya komunyo yako. Sura yako inaanza kunikimbia. Nikifunga macho naona tu masikio. Tuma picha. Ao kuya."

Hayo ni yake. Haya ni yangu. Mama Kahambu amekubali kumpandisha kwenye ndege ya mizigo maharagwe yakiisha, mwisho wa Julai, aje kuona fainali. Ameshaanza kuaga watu. Anauliza utamlaza wapi.

Valentin alicheza hapa miaka sita. Sikumbuki hata penalti moja aliyopiga. Huko, Jules, penalti wanampa nani?

Adelaïde


Walikale, tarehe 4 Julai 2005

Dada,

Salamu. Naandika haraka, ndege inapakia.

Mama asije. Nakuomba kwa jina la marehemu mama yetu, asije. Ndege hizi ni za mizigo, watu wanakaa juu ya magunia. Malaria huku ni kali na hakuna pa kumlaza, mimi mwenyewe nalala na wabebaji wanane. Tena nimeuliza habari za Valentin. Wanasema alikuwepo kweli, lakini ameondoka, amerudi Lubutu. Mama atafika asimkute. Mwambie hivyo. Mwambie asubiri, Valentin ataandika.

Msimruhusu.

Jules


Nyabiondo, tarehe 14 Julai 2005

Jules,

Leo salamu hakuna. Utazipata ukizistahili.

Karatasi yako ya Lubutu imefika. Sikumsomea Mama. Nilimwambia ni hesabu ya magunia ya maharagwe, akaniamini, akaendelea kupepeta. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya kwa mdomo. Kwa kunyamaza nimemdanganya tangu Mei.

Valentin alikuwa beki. Mpira wake ulikuwa wa kusimama mbele ya goli na kuomba radhi kila anapomwangusha mtu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Katika jamaa hii mwenye mguu wa kushoto ni mmoja, na mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akazifunga kinyume. Nilijua ile Jumatatu, kabla Mama hajamaliza kusema. Hata hivyo nilicheza naye. Nilicheza kwa sababu nilitaka iwe kweli, na kwa sababu isipokuwa kweli ningelazimika kukuuliza jina lake umelipata wapi. Nimeula muhogo wa matanga yake huku najua. Naona haya, Jules, hata kumtazama Mama usoni naona haya, na yeye anafikiri ni uchovu wa mavuno.

Nataka ukumbuke kitu. Mwaka 1993, tulipokimbilia msituni, mama yetu akiwa ameshakufa, wewe ulikuwa na miaka minane na mguu uliovimba. Valentin alikuwa na kumi. Nani alikuwa mgongoni mwa Mama Emérence siku tatu? Ni wewe. Mtoto wake mwenyewe alitembea, ameshika ncha ya nguo yake, analia kimya. Nilikuwa nyuma yao, nilimwona.

Sikuulizi tena penalti. Sikuulizi kitenge. Valentin yuko wapi?

Usiponijibu, nitampandisha Mama ndege mimi mwenyewe, na utamjibu yeye.

Adelaïde


Walikale, tarehe 25 Julai 2005

Dada Adelaïde,

Sithubutu kuanza na salamu, na kuanza bila salamu pia ni vibaya. Barua yako niliipata juzi Jumamosi. Sikulala.

Valentin amekufa. Alikufa Septemba mwaka jana, kwenye njia ya kutoka Bisie kuja Njingala. Hakwenda Lubutu hata siku moja. Lubutu niliitunga mimi.

Ile njia ni siku mbili msituni, matope mpaka magoti. Tulikuwa kila mmoja na mzigo wa kilo hamsini wa kasiterite, yale mawe ya bati. Valentin aliamka na homa, akasema ni kidogo. Saa nne alitua mzigo wake na hakuweza kuunyanyua tena, miguu ilikuwa inatetemeka. Tulikuwa karibu na kijito. Nilimtazama yeye, nikautazama mzigo wangu. Vyote viwili nisingeviweza. Mwenye mzigo alikuwa ananingoja Njingala na alijua jina langu, na mbebaji anayeacha mzigo huitwa mwizi. Valentin akaniambia, "Wende tu. Utanikuta hapa." Nilimwachia chupa ya maji na nusu ya mkate wa muhogo. Nikaenda.

Ningeuacha mzigo nimbebe yeye. Alikuwa mwembamba kuliko lile gunia. Maneno haya ni machache lakini yamenichukua miezi kumi kuyaandika.

Bado sijasema yote.

Nilifika Njingala kesho yake, Jumapili, saa sita. Mzigo nikaukabidhi. Ningerudi saa ileile, na watu wa dawa walikuwepo, ningenunua vidonge nikarudi. Lakini kulikuwa na mechi. Etoile walikuwa wamekuja kucheza ya kirafiki na winga wao wa kushoto alikuwa ameumia. Mtu mmoja wa Nyabiondo akanionyesha kidole: yule ana mguu. Nikasema moyoni, dakika tisini tu. Dada, nilicheza. Nilitia bao. Nilisahau, nakuapia, kwa ule muda nilisahau kabisa kuna mtu kwenye kijito. Walinibeba juu. Papa Athanase, mkubwa wa klabu, akaninunulia chakula na pombe, nikala, nikanywa, nikalala pale. Jumatatu mwili ulikuwa mzito, nikachelewa kuondoka. Nilimfikia Jumanne.

Wapitaji walikuwa wamemfunika majani. Chupa ilikuwa tupu.

Wabebaji wawili walinisaidia kuchimba. Ni hatua ishirini kutoka kijitoni, chini ya mti niliouchora msalaba kwa panga. Pale napajua hata nikifumbwa macho. Shingoni alikuwa na kadi yake ya mchezaji ndani ya plastiki, ile aliyokuwa akionyesha kwenye vizuizi. Niliichukua ili niilete kwa Mama. Kisha nikawaza: nikiileta, atauliza kwa nini nilimfikia siku ya nne. Ndipo nikaandika Lubutu.

Kombe lilipotangazwa, Papa Athanase alinitaka. Kadi yangu iliungua huko kwenu. Nikasema ninayo kadi ya kwetu Masisi. Nilibandika picha yangu juu ya picha ya Valentin kwa gundi ya tairi la baiskeli. Refa hatazami sana. Na kila mechi nilisimama kwenye ule mstari, wanasoma majina ya waliokufa, na jina la Valentin halimo, kwa sababu nimelivaa mimi. Niliona aibu, lakini si aibu ya kunitoa mle. Mpira ukianza nilikuwa nafurahi. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote.

Jana ilikuwa nusu fainali. Refa alipofika kwangu na kadi nilimwambia, "Huyu amekufa. Mimi ni Jules Kitsa." Alifikiri ninatania. Nikarudia kwa sauti. Katibu akaja, nikamwomba aliandike jina kwenye orodha yake kabla ya dakika ya kunyamaza. Aliandika. Alilisoma la mwisho, Valentin Bauma wa Nyabiondo, beki. Nilinyamaza nao, nje ya mstari, peke yangu karibu na kibendera cha kona. Etoile wamefutiwa mechi zote. Papa Athanase alinivua viatu mbele ya watu, ni vyake. Watu walinirushia matope. Ninastahili.

Niliomba kadi, wakanirudishia. Usiku wote niliiloweka ili picha yangu itoke. Imetoka, lakini gundi ilikuwa imekula ya chini. Imebaki kipande cha upande. Naituma ndani ya barua hii. Picha pekee ya mtoto wake nimeiharibu mimi. Nilikuandikia kwamba hakuna mpiga picha. Wapo wawili. Mmoja ndiye aliyenipiga ile niliyobandika.

Mwambie Mama wewe, kwa upole, kabla hajasikia kwa watu. Usinihurumie wakati unasoma. Ila ile ya mechi ya Njingala, kama unaweza, mfiche. Ninajua siombi vizuri.

Jules


Nyabiondo, tarehe 16 Agosti 2005

Kwa Jules,

Barua yako ilifika tarehe 10. Pikipiki ya Mama Kahambu ilikaa Sake wiki mbili kwa sababu ya kizuizi.

Redio ilitangulia, Jules. Siku ileile unaandika "kabla hajasikia kwa watu", Mama alikuwa kilimani na kitenge chake, na watu kama ishirini nyuma yake. Wakasema habari ya Kombe, mchezaji aliyetumia kadi ya marehemu, jina lake Jules Kitsa, na marehemu ni Valentin Bauma wa Nyabiondo, jina lake limeongezwa kwenye orodha ya waliokufa. Mimi nilikuwa shambani, sikuwa naye. Wale watu waliondoka mmoja mmoja bila kumwambia kitu. Alibaki na redio mpaka betri ikafa, halafu akashuka. Akakaa kwenye mkeka, akavuta kapu, akaanza kuchambua maharagwe. Siku mbili aliyachambua. Mimi nilimwambia, "Mama, nilijua tangu Mei." Alinisogezea kapu niendelee upande wangu.

Jina letu sasa linatajwa kisimani. Nikifika wananyamaza. Padri alitaka kumrudishia maharagwe yake ya shukrani, nikaona uso wangu nitauweka wapi, nikamwambia awape wagonjwa.

Barua yako nilimsomea tarehe 11, mchana, tumekaa nje. Nilisoma polepole. Mahali pa mzigo alifumba macho lakini hakunizuia. Nilipofika Njingala niliruka, kama ulivyoomba. Nikaenda moja kwa moja kwenye majani na chupa. Akasema, "Rudia pale umeruka." Nikamwambia sikuruka. "Kidole yako iliruka, niliona. Soma, Adelaïde. Miye si mutoto." Nikasoma. Mechi, bao, chakula, pombe, yote. Sikuweza kuinua kichwa. Nilikuwa naona haya kana kwamba ni mimi niliyelala pale Njingala nimeshiba.

Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Ile bao, ilikuwa ya muzuri?" Nikasema hukuandika. Ndipo akalia, Jules. Hakulia redio iliposema. Alilia hapo, kwa sauti, na watu wa kisimani wakaja wenyewe, na matanga yakaanza hivyo, bila muhogo kulowekwa.

Kadi nimempa. Kilichobaki ni nywele kidogo, kola ya jezi, na sikio la kushoto. Aliitazama, akaigeuza kwenye mwanga. "Njo yeye," akasema. "Sikio njo ya kwake." Ameishona ndani ya kitenge, upande wa kifua. Kile kitenge anajua sasa ni wewe uliyekichagua. Hakukitupa, na sikumwuliza kwa nini.

Kuhusu wewe, sina la kukudanganya. Hajasema amekusamehe, na mimi pia sijasema. Jioni nyingine anakutaja, anasema Jules alikuwa mutoto wa kuogopa giza. Sijui maana yake.

Juzi, siku ya mwisho ya matanga, alinikalisha tena na kalamu. Anataka kufika pale kwenye mti. Nilimweleza ni siku nzima ya matope kutoka Njingala, kwamba hata vijana wanaanguka. Akasema miguu yake anaijua, haifiki. Nikamwuliza sasa atafikaje. Akasema nisiulize sana, niandike. Nimeandika kama alivyosema:

"Jules, njia ikitulia, miye nakuya na ndege ya Mama Kahambu. Ungoje pa Njingala. Siku ile usitafute mupira, na usibebe kitu ya muntu. Ufike na mugongo mutupu. Muzigo njo miye."

Adelaïde